Siku Niliyofika Kharumwa Nikiwa na Jasho

Jumatano. Jua limeamka kabla yangu, na halikuwa na haya hata kidogo. Mawingu yapo, lakini ni yale ya kabla ya mvua hapa kwetu Shinyanga: yanachungulia, yanapita, hayaagi.

Naandika nikiwa nimeoga mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka mekundu. Mke wangu ameniuliza kama nimerudi kuchimba. Nimemwambia, karibu na hivyo.

Furaha niliyonayo jioni hii haina heshima. Mtu aliyeharibikiwa na gari, kisha akaaibika mbele ya akina mama tisa, hapaswi kukaa kibarazani akitabasamu peke yake. Ngoja niandike. Huenda nikimaliza nitaona aibu inavyostahili.

Kiyoyozi cha pikapu yangu kimekufa.

Anayenijua anajua kwamba huo ni msiba. Nilichimba Mwakitolyo miaka saba, kwenye maduara, yale mashimo ya kushuka kwa kamba kuufuata mwamba wenye dhahabu. Kule chini hewa ni ya kuazima. Unavuta aliyokwisha kuitumia mwenzako, na yeye anasubiri ya kwako. Nilijiapia humo gizani kwamba siku nikipata, sinunui kiwanja, sinunui ng'ombe, nanunua baridi. Mungu alinisikia nusu. Nilipata kidogo, nikanunua pikapu ya mkono wa tatu, dabo kebini, rangi imechoka, mlango mmoja haufunguki hadi uubembeleze. Lakini AC yake ilikuwa inapuliza mpaka meno yanauma. Baba mdogo aliuliza kwa nini hela ile haikuwa ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe hapulizi. Hakunisemesha mpaka mavuno.

Sasa nasafirisha vifaranga wa siku moja. Wanakuja na basi la asubuhi kutoka Mwanza, ndani ya maboksi yenye matundu, nawapokea stendi na kuwapeleka vijijini kwa vikundi vya akina mama. Mambo ya mifugo sikuyasomea popote. Nimejifunza kwenye simu na kuandika kwenye daftari, usiku baada ya usiku, kwa mwandiko ambao mwenyewe nauheshimu. Wateja wananiita Daktari. Sijawahi kumsahihisha hata mmoja.

Kanuni ya kwanza kwenye daftari hilo nimeipigia mstari mara mbili: JOTO LINAUA KUKU. Niliilipia kanuni hiyo. Mwaka wa kwanza mitetea yangu kumi na mmoja walijifia mchana mmoja kwenye banda la bati, midomo wazi, nami nimesimama mlangoni na ndoo ya maji iliyochelewa.

Kwa hiyo vifaranga wangu hawapandi nyuma kwenye vumbi kama magunia ya mpunga. Wanakaa ndani, kiti cha nyuma, vioo juu, AC namba nne. Na walikuwa wakiimba. Chii, chii, chii, kutoka Shinyanga mpaka wanakoshukia, bila kupumzika, wamejikusanya pembe moja ya boksi kama wanakwaya wanaogombea kitabu kimoja. Nilikuwa nawaambia watu, vifaranga wangu wanasafiri kama waheshimiwa, na wanashukuru kwa nyimbo.

Nimeyaandika hayo nikayasoma mara mbili. Kweli niliyasema. Tena mbele za watu.

Sasa Kharumwa.

Kule nina kikundi cha akina mama tisa. Banda lao la kulelea vifaranga wamelijenga wenyewe, tofali la kuchoma, na ndani wanaweka majiko ya mkaa. Mwenyekiti ni Mama Neema, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili. Siku ya kwanza walikaa kuamua ni nani atakayefungua maboksi na kuwaweka vifaranga chini, kwa sababu kwao si kila mkono unafaa kupokea mifugo. Wakamchagua Mama Kulwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: huyu amezaa mapacha, Kulwa na Doto, wote wazima, wote wana watoto. Mkono wake unajua kupokea wawili pale wengine wanapopokea mmoja.

Mama Kulwa ni mtu mzima wa maneno machache. Alinawa, akafungua, akawaweka chini mmoja mmoja.

Baada ya siku tatu walikuwa wamekufa zaidi ya nusu.

Safari ya pili ikawa vilevile. Mimi nilipiga simu Mwanza nikawalaumu wanaototolesha. Wao waliapa kwamba vifaranga waliondoka wazima, na kweli stendi niliwaona wazima. Akina mama wakatafuta jibu karibu zaidi. Hakuna aliyetamka neno baya. Kule watu wana adabu. Walisema tu kwamba huenda mkono wa Mama Kulwa ulimaliza baraka zake zote kwa Kulwa na Doto. Wakamwomba apumzike. Akapumzika. Akaacha kuja kwenye vikao, na nilivyosikia kwa Mama Neema, akaacha hata kwenda kuchota maji saa wanayochota wenzake.

Nilisikia hayo nikasema, pole yake. Kisha nikaongeza AC.

Safari ya leo ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Mama Neema alinipigia juzi akaniambia bila kuzunguka: hawa nao wakifa, kikundi kinavunjika, banda wanaweka mpunga.

Basi nimeondoka stendi na maboksi yangu matatu, nimejaa umakini kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Tulipopita Solwa upepo kwenye matundu ya AC ukabadilika. Ukawa wa vuguvugu. Kisha ukaja mlio mbele, kama mbuzi anayevutwa asikotaka kwenda, ikafuata harufu ya mpira unaoungua. Nikazima. Nikawasha. Mbuzi akalia tena. Nikazima.

Nilisimama pembeni nikafikiri. Nikifungua vioo vyote, vumbi la malori linaingia na kuwakaba vifaranga. Nikifunga vyote, tunaiva. Nikashusha kioo changu upana wa vidole vitatu, vingine nikaviacha juu, nikaloweka kitambaa nikajifunga shingoni. Baada ya dakika kumi kitambaa kilikuwa kimekauka na mimi ndiye niliyelowa. Mkono wangu wa kushoto, bila kutumwa, ulikuwa unaenda kwenye swichi kila baada ya kona. Nauondoa. Unarudi. Miaka saba duarani sikuwahi kulilia hewa, leo nusura niulilie usukani.

Ndipo nikagundua kwamba gari lipo kimya.

Hakuna chii. Hata moja.

Niliendesha kuelekea Mwakitolyo nikiwa na maiti mia tatu nyuma, ndivyo nilivyoamini. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Mama Neema. Nikapanga na ya kujiambia mimi. Sikugeuka kutazama. Ukishatazama unajua, na mimi nilitaka kubaki mjinga mpaka kwa Masanja.

Masanja tulichimba naye. Siku hizi ni fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na chochote chenye mkanda na puli kinamheshimu. Alinitazama nilivyoshuka, shati limenishika mwili mzima, akauliza ni duara gani hilo lina usukani. Sikucheka. Nilifungua mlango wa nyuma, kisha boksi la kwanza.

Walikuwa wamelala.

Wametawanyika boksi zima, kila mmoja na nafasi yake, mabawa yamelegea, kama watu waliokula wakashiba. Mmoja alifungua jicho, akanipima, akaona sina jipya, akalifumba. Nikamchukua. Nikamshika miguu. Ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo maneno ya Mama Kulwa yaliponirudia.

Ile safari ya kwanza kabisa, alipofungua boksi, alimchukua kifaranga mmoja akaigusisha miguu yake kwenye shavu, hivi, kama mtu anayepima uji wa mtoto. Akaniambia, "Baba, miguu ya watoto hawa ni ya baridi." Nami, Daktari, mwenye daftari, nilitabasamu kwa huruma. Nilimjibu. Jibu lenyewe nitaliandika mbele, kwa sababu leo nimelazimishwa kulirudia na sitaki kulirudia mara mbili kwenye ukurasa mmoja.

Nilikaa kwenye ngazi ya gari nikamwuliza Masanja kama alivyo, fundi wa mawe, asiyefuga hata njiwa: kifaranga akiwa na mama yake anakaa wapi? Akasema, chini ya mama. Kule kuna nini? Akanitazama kuona kama jua limenipanda. Akasema, joto.

Daftari langu lilikuwa linasema kweli, ila lilikuwa linasema habari za kuku. Wale hawakuwa wakiimba. Walikuwa wakilia. Nilikuwa nawagandisha wageni wa siku moja duniani, kilomita baada ya kilomita, na mimi mbele nikisifu kwaya.

Masanja aliingia chini ya boneti huku akinisimulia habari za mashimo yaliyotema dhahabu na yaliyogoma. Hukumu yake: kompresa imekwama, haizunguki, na mkanda ukiendelea kuivuta utanitia hasara nyingine barabarani. Akaukata mkanda wa AC, akautoa, akanikabidhi kama mkunga anavyokabidhi. Alisema atanitafutia kompresa iliyotumika kwa jamaa zake wa Kahama. Nikamwambia asiharakishe. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hivyo juu ya baridi, akanigusa paji la uso.

Kutoka pale mpaka Kharumwa nilikuwa na joto, kimya, na shetani mmoja mwenye akili.

Shetani alikuwa na hoja. Hakuna anayejua. Leo Mama Neema ndiye atakayepokea, vifaranga watapona, mkono wake utasifiwa, banda litajaa, biashara itasonga, na mimi nitabaki Daktari. Kuanzia kesho nazima AC kimyakimya, kwisha. Nani ataumia?

Nilijua nani. Lakini nakiri: nilipoingia Kharumwa nilikuwa bado nakubaliana na shetani.

Walikuwa wameshakusanyika uwanjani kwa Mama Neema. Nikawasalimia kwa Kisukuma, mwadila, nikaitikiwa kwa vicheko, kwa sababu nilikuwa na rangi ya tofali kuanzia nywele mpaka viatu, na jasho limechora mito usoni. Walizoea Daktari anayeshuka na shati lenye mstari wa pasi. Mama Neema alikuwa ameshanawa, mikono ameinua juu isiguse kitu.

Mama Kulwa alikuwa pembeni kabisa, kibarazani kwa jirani, anamenya karanga. Aliponiona nilivyo aliacha karanga zake, akaja na kata ya maji, akaniambia niiname, akanimwagia kichwani. Nikamwamkia shikamoo kichwa kikiwa chini, maji yakiingia mdomoni. "Marahaba baba," akasema. "Leo umefanya kazi." Kisha akarudi kwenye karanga.

Vifaranga wakawekwa chini. Hawakusubiri kuonyeshwa, waliyakimbilia maji wenyewe, wakanywa, wakainua vichwa, wakatawanyika kama wapangaji wanaochagua vyumba. Safari zile mbili walikuwa wanasimama kama walivyowekwa. Akina mama waliiona tofauti palepale. Vigelegele vikapigwa. Mmoja akaushika mkono wa Mama Neema akauinua, akasema, huu ndio mkono tuliokuwa tukiutafuta.

Na kule kibarazani nikamwona Mama Kulwa ameweka ungo chini, anapiga makofi pamoja na wenzake. Polepole. Makofi ya kweli, si ya kijicho.

Shetani wangu alishindwa palepale. Hoja alikuwa nazo, ila hakujipanga kwa makofi yale.

"Jamani, si mkono," nikasema. "Ni mimi. Zile safari mbili nilikuwa nawagandisha njiani."

Aliyekuwa ameuinua mkono wa Mama Neema akauachia. Nikaeleza yote: kiyoyozi, kwaya, daftari, kanuni yenye mistari miwili. Nikaleta na mkanda uliokatwa kama ushahidi, sijui kwa nini, mtu akiwa kizimbani hushika chochote. Mama Kulwa alikuwa ameshafika. Alisimama mbele yangu, mfupi, ungo kiunoni.

"Nilikwambia miguu ya baridi."

"Uliniambia, mama."

"Ukanijibu nini?"

Niliomba ardhi ya Kharumwa, ambayo watu wameichimba mashimo kila upande, inipatie moja. Haikunipa.

"Nilikujibu kwamba hiyo ni hewa ya kisasa, utaizoea."

Wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Sikuwahi kujua kama ana kicheko. Kinaanzia tumboni, kinapanda, kinamfanya ashike ukuta. Wengine wakafuata. Mama Neema alibaki ameitazama mikono yake iliyonawa kama vitu alivyoazima na mwenyewe amerudi. Kisha akacheka naye, akachukua bakuli la pumba za vifaranga akamkabidhi Mama Kulwa. Alisema kwa sauti yake ile, kwamba mwenyekiti mkono wake unajua kupiga kengele tu. Halafu akaishusha sauti, jambo ambalo sijawahi kulisikia, akamwomba radhi kwa Kisukuma. Sikusikiliza. Yalikuwa yao.

Baada ya hapo wakataka kumwona mshitakiwa. Waliingia kwenye pikapu wawili wawili, wakabonyeza swichi, wakaweka viganja kwenye matundu. Kwa kuwa marehemu hapulizi, walinidai niwaigizie baridi yake ilivyokuwa. Niliigiza. Mama mmoja alisema alivyokuwa akiniona napita vioo juu alidhani macho yangu hayavumilii jua na vumbi.

Likaja suala la faini. Kwetu huku mtu akikosea jamii hatoki hivihivi. Anatozwa, kinaliwa pamoja, yanakwisha. Vifaranga waliokufa nilishasema nitawarudisha, boksi moja kila safari, hilo halikuhitaji kikao. Kikao kilitaka mbuzi. Wakamwangalia Mama Kulwa, kwani aliyeumizwa ndiye mwenye neno la mwisho.

Akafikiri huku akimenya karanga moja.

"Mbuzi tutamla siku moja tu," akasema. "Mimi nataka jasho."

Hukumu ni hii, naiandika kama ilivyotolewa: kila safari, nikifika, kabla boksi halijafunguliwa, Mama Kulwa ataniweka kiganja shingoni. Akikuta jasho, mzigo unapokelewa. Akikuta shingo kavu, ninageuza gari na vifaranga wangu, na hata maji ya kunawa sipewi. Akina mama walipiga makofi. Mama Neema akaiandika kwenye daftari la kikundi, nikatia saini, na saini yenyewe ikalowa.

Mkanda wa AC hawakunirudishia. Mama Kulwa ameutumia kufungia mlango wa banda.

Nimerudi nyumbani vioo vyote chini, nimepewa karanga za kutafuna njiani. Nimesalimiana na watu wengi kuliko mwaka mzima uliopita, kwani ukiwa na kioo wazi huku huwezi kujifanya hukuona mkono. Imenichelewesha karibu saa nzima. Joto lilikuwa lilelile. Ila la duarani halikuwahi kunichekesha.

Daftari liko hapa pajani. Ile kanuni sijaifuta, ni ya kweli kwa kuku, na mitetea kumi na mmoja walikufa ndipo nikaijua. Chini yake nimeongeza mstari: Kifaranga si kuku. Ukiwa na shaka, muulize Mama Kulwa.

Ule udaktari nao sijui niufanyeje. Leo wakati naondoka bado waliniita Daktari, ila sasa wanacheka kwanza.

Masanja ameshaniandikia. Kompresa imepatikana Kahama, imetumika lakini nzima, anauliza aichukue au nimeamua kuokoka na joto. Nimekaa na simu hiyo muda mrefu. Kwenda ni kwa vifaranga, hilo limetiwa saini. Lakini kurudi gari ni tupu, hakuna miguu ya mtoto ya kupoa, na mimi nilijiapia gizani kule chini miaka ile. Kiapo nacho kina haki yake.

Nimemjibu aichukue. Nimemwambia pia swichi yake asiirudishe pale ilipokuwa. Aihamishie kiti cha nyuma, kule kabisa mlangoni, nisikoweza kufikisha mkono nikiwa naendesha.

Ameuliza kwa nini.

Najijua.